Jibu la Rhoda Lililobaki Pito

Manzese, Dar es Salaam
24 Novemba 2002

Mjomba Ignasi, shikamoo.

Mimi mpwa wako Adriano niko fiti. Chumba ninachokaa na mshikaji wangu kinapata joto kama chungu cha pombe, lakini tunamshukuru Mungu. Mkazamjomba Hellena hajambo? Na mama huko Msanzi, kifua chake kimepoa? Nilimtumia blanketi kwa mtu wa basi, sijui kama lilifika au linamfunika huyo mtu wa basi.

Sasa shika kiti mjomba. Mpwa wako yuko redioni! Ule wimbo niliokudokeza umetoka, unaitwa "Ungo wa Rhoda", na unapigwa mpaka nachoka mwenyewe. Kanda zinauzwa Kariakoo, nasikia hata Mbeya zimefika. Unakumbuka mwezi wa saba nilipokuja likizo, nikakuta msiba wa Mzee Yonas, yule mfugaji wa Pito? Ulivyofika pale kama mtani wao, ukauvaa kichwani ungo wa mjane wake, Bibi Rhoda, ukashika usukani wa hewani ukaita abiria wa Tunduma! Ulivyomwambia, "Rhoda, umemla mzee hata ukwato hukutubakizia"! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwenye basi la kurudi nikawa tayari nina kiitikio:

Bibi Rhoda, washa ungo,
twende Dar bila nauli.
Mzee umemla jana,
leo unamtaka nani?

Hapo kwenye "leo unamtaka nani" ukumbi mzima unaimba. Unajua huku ukisema unatoka Sumbawanga watu wanasogea pembeni, kama vile umebeba radi mfukoni. Zamani ilikuwa inaniudhi. Sasa ndiyo inayonipa jina.

Mwandishi mmoja wa gazeti la burudani aliniuliza mtindo huu nimeutoa wapi. Nikamwambia kwa mjomba wangu, anayeandika vichekesho kwenye gazeti la parokia. Akaandika kwamba mpwa amempita mjomba, kwa sababu mjomba anachekesha kijiji na mpwa anachekesha nchi. Mimi sikusema hivyo, ni yeye. Lakini wewe mwenyewe ni fundi, hebu tupime kwa haki: mwandishi wa vichekesho na mtunzi wa bongo fleva, nani mkali?

Nakutumia kanda. Ipige kwa sauti.

Mpwa wako,
Adriano


Pito, Sumbawanga
15 Desemba 2002

Mpwa wangu Adriano, marahaba, tena marahaba ya kukunjua mikono.

Sisi huku tupo, meno yote tunayo isipokuwa yale yaliyokwisha aga. Hellena hajambo, anasema mtu aliyemtungia wimbo mama wa watu na hajamtungia mkazamjomba wake hana adabu. Mama yako kifua kimetulia, na blanketi lilifika, lina harufu ya dizeli. Mvua zimekuja kwa fujo mwaka huu. Barua hii naiandikia kibarazani kwa jirani, maana kwangu panavuja.

Nimesikiliza kanda. Adriano, mimi ni mtu niliyekuwa utingo wa malori mpaka Ndola na Lubumbashi, nimesikiliza magitaa ya Kongo yakipigwa na wenyewe na jasho lao likinirukia, kwa hiyo nikisema wimbo ni mtamu, ujue ni mtamu. Shule niliishia la sita, lakini masikio yangu yalimaliza. Kiitikio kinanata kama ulimbo. Hapo umenipita na nakuvulia kofia, ile ile ya Lubumbashi.

Sasa kwenye kupima. Wewe unajua ninavyoandika ile kona yangu katika gazeti la kurasa nne, linalochapwa kwa mashine ya kuzungusha mkono. Nikitaka kumchekesha mtu, kwanza naenda kwake na karatasi. Nakaa jikoni, namsomea mwenyewe. Ananuna, anacheka, ananirushia gunzi, halafu ananijibu. Na jibu lake naliandika chini ya maneno yangu, hata kama limeniumiza kuliko langu lilivyomuumiza yeye. Padri aliwahi kuniuliza kwa nini kila mara nakubali kushindwa. Nikamwambia, Baba, mimi hawa naishi nao.

Wimbo wako hauna mahali pa Rhoda kujibu. Anaulizwa "leo unamtaka nani", halafu ngoma inapiga, halafu anaulizwa tena. Ni sawa na kumuuliza mtu swali huku umemziba mdomo.

Na kuna kitu hukukiona. Wewe uliondoka na basi kabla matanga hayajaanuliwa. Ulikula nyama ya ng'ombe wa Mzee Yonas, ukawahi siti ya dirishani. Siku ya kuanua matanga Rhoda alinijibu, kama mtani anavyotakiwa kujibu. Alinimwagia majivu ya mekoni kichwani mbele ya watu wote, akasema maneno yaliyonifanya nitafute pa kujificha. Watu walicheka kuliko siku ile yangu. Ndipo tukala, yakaisha. Wewe umeondoka na nusu, Adriano, ukaitia kwenye kanda.

Sikuandikii kwa hasira. Mara ya kwanza alipousikia Rhoda mwenyewe alicheka, akasema kumbe sasa yeye ni mtu wa redio. Lakini watoto wanaotoka shule wanasimama kwenye ua wake wanaimba. Na wiki hii wanawake wawili waliokuwa wananunua maziwa kwake wamesema ng'ombe wao wenyewe wameanza kutoa. Hao wanawake hawana ng'ombe.

Tunga ubeti wa jibu. Ukishindwa kutunga, njoo Krismasi umwagiwe majivu na wewe, tuanue matanga ya huu wimbo.

Mjomba wako,
Ignasi, Dereva wa Ungo Mstaafu


Pito
19 Januari 2003

Adriano mpwa wangu,

Salamu nyingi, hata kama hukujibu zile za kwanza. Krismasi imepita, tulikuwekea paja la kuku mpaka Hellena akalila kwa uchungu. Kwetu hatujambo. Mama yako alikuja kutoka Msanzi, akakaa kidogo, akarudi kupalilia.

Bado naandikia kwa jirani. Panavuja kweli kweli.

Nataka nikuchekeshe lakini leo kalamu haitaki. Wiki mbili zilizopita radi ilipiga maksai wawili wa Alfonsi wakiwa na nira shingoni. Alfonsi alikuwa amekwenda kuchimba dawa pembeni, akanusurika. Wewe umezaliwa huku, unajua radi za uwanda huu: haziulizi mtu, mwaka hauishi bila kuua kitu. Mimi nilipigwa nayo nikiwa juu ya lori kule Kasesya, ikaniunguza kofia tu, ikaona haya. Nilikuwa nawasimulia hivyo pale kwa Alfonsi, watu wakiangalia wale ng'ombe, na nilitegemea wacheke. Hakucheka mtu. Kijana mmoja anaitwa Stanley, ana redio kaseti kubwa anatembea nayo begani, akaimba pole pole, "Leo unamtaka nani?" Wakageuka wote kuangalia upande wa kwa Rhoda.

Mpwa wangu, nimekaa nchi za watu, nimeona vita mpakani, lakini ule mgeuko wa shingo sijawahi kuuona.

Rhoda unamjua. Ni mwanamke mzee, mtoto wake Amos yuko na ng'ombe kule bondeni Rukwa, yuko peke yake. Macho yake mekundu kwa moshi na uzee. Watu wake walikuja na mifugo kutoka upande wa Shinyanga, wewe hujazaliwa, na sisi tukawafanya watani ili tusigombane. Watoto wa sasa utani hawaujui. Wao wanajua kanda.

Juzi asubuhi alikuta mlangoni kwake mtu amechora duara kwa mkaa, na ndani yake mistari, kama ungo. Ameniambia ni watoto. Nikamwambia ndiyo, ni watoto. Mchoro wenyewe ulikuwa juu, usawa wa kichwa changu.

Andika hata mstari mmoja.

Mjomba wako,
Ignasi


Dar es Salaam
10 Februari 2003

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe sana. Barua zako zote mbili nimezikuta kwa pamoja chini ya mlango. Tulikuwa kwenye ziara, Dodoma, Tabora, mpaka kanda ya ziwa. Mimi mzima. Mwenzangu wa chumbani ameoa, kwa hiyo nalala sebuleni kwa mtu mwingine, lakini poa tu.

Mjomba, pole na radi ya Alfonsi. Lakini tuseme ukweli, radi ni radi. Wimbo haupigi ng'ombe. Rhoda wako wengi Tanzania, nani anajua ni yupi? Hii ni sanaa. Kuhusu ubeti wa jibu, nilimwambia mwenye studio, akasema wimbo ukishashika hauguswi, na watu wanapenda unavyoishia na swali, unawaacha wanaogopa kidogo huku wanacheka. Kwamba huo ndio ukali wake. Wewe mtindo wako ni wa kuelewana. Sasa hivi soko ni huria, kila kitu kinakimbia. Ukianza kumwachia kila mtu ajibu, wimbo utakuwa mkutano wa kijiji.

Ni yeye aliyesema, lakini na mimi nilikuwepo nikaitikia.

Jambo moja. Mama amenipigia simu kutoka kwa mtu mjini. Nikamwambia amwombe Alfonsi akusaidie paa. Akashangaa. Anasema bati zako ni mpya, ulizipaua mwaka jana baada ya mavuno, na alipokuja mwezi wa kwanza alilala ndani bila tone. Anasema wewe ndiye hukulala ndani. Mjomba, unalala wapi?

Kwenye ziara kulikuwa na mambo, mji mmoja hivi. Tuyaache.

Usiogope mjomba. Wewe si mtu wa kuogopa.

Adriano


Pito
2 Machi 2003

Adriano,

Salamu kutoka kwetu. Hellena anakusalimu, mama yako anakusalimu. Wote wazima. Nimesema hivyo kwanza ili usishtuke na yanayofuata.

Evaristi amefariki. Yule mrefu, mume wa Kristiana, uliyekuwa unawinda naye panya mkiwa wadogo. Radi ilimpiga akitoka kupalilia maharage, mchana, watu wakiona. Kristiana ana mtoto mgongoni na mwingine tumboni.

Tulimzika. Na hapa ndipo penye kisu. Kwenye mazishi ya mtu wa kwetu, watani lazima waje. Wanalala njiani jeneza lisipite, wanamtukana marehemu, wanamlaumu kwa kufa. Ndiyo heshima yenyewe. Mtani asipokuja msibani, watu wanauliza anaogopa nini. Rhoda hakuja. Nilimkuta amejifunga kanga, amevaa viatu, amekaa kitandani. Akaniambia, "Ignasi, nikienda pale nikasema la utani, watasema nimekiri. Nisipokwenda watasema nimejificha. Nifanye nini?" Nikamvua viatu. Akabaki ndani.

Na kweli watu wamesema. Stanley aliipiga kanda yako barabarani waombolezaji wakitoka makaburini. "Leo unamtaka nani." Nilimwona Kristiana akisimama kusikiliza. Wewe unasema Rhoda wako wengi. Pito yupo mmoja.

Sasa wameamua, baada ya Pasaka analetwa lambalamba, wale wanaume wa vibuyu wanaozunguka vijijini kufichua wachawi. Ataanzia uani kwa Kristiana. Mtu akishaelekezewa kibuyu, unajua kinachofuata. Hata akibaki hai hana nyumba. Nilikwenda kwa wakubwa mjini kueleza, nikaambiwa serikali haiamini uchawi, kwa hiyo hakuna la kuandika.

Mwanaye Amos ametuma mtu aseme mama ahamie kwake bondeni. Rhoda amekataa. Anasema kaburi la Yonas liko hapa, na mtu anayekimbia amejibu lile swali.

Uliuliza nalala wapi. Nalala kibarazani kwa Rhoda, mgongo mlangoni, na rungu la marehemu Yonas. Hellena ndiye ananiletea chakula. Tangu Desemba, watoto walipoanza kuimba uani kwake. Umesema mimi si mtu wa kuogopa. Adriano, yale ya Kasesya, radi haikupiga kofia. Ilipiga lori la mbele na mimi nilijikojolea. Sasa unajua, na umwambie na yule mwandishi wako wa gazeti.

Sitaki tena kupimana. Nataka kazi yako. Haya hapa maneno Rhoda aliyoniambia siku ya matanga, nimemwomba ayarudie, nami nimeyaandika kama alivyosema:

"Ignasi, Yonas mimi sikumla, alikuwa mgumu, ningevunja jino. Nilitaka kukula wewe. Nikakugeuza huku na huku nitafute nyama, nikakuta mwili mzima ni mdomo. Ungo wangu haubebi mdomo mtupu. Umezunguka na malori mpaka Kongo umerudi na kofia moja. Ilete hiyo kofia nipepetee ulezi, ungo umeuchukua wewe."

Halafu akacheka kidogo, akauliza juu yako, "Huyo mtoto wa Bertilla alinawa mikono alipokula nyama ya matanga?" Nikasema hakunawa, aliwahi basi.

Itie kwenye kanda. Kama hutaki, niambie wazi, nisikae nikisubiri basi la kila siku kama mchumba.

Mjomba wako


Dar es Salaam
23 Machi 2003

Mjomba, shikamoo.

Leo sina habari za kukueleza za huku. Nimelia kwa ajili ya Evaristi.

Nilikuambia kuna mji kwenye ziara. Nitakuambia sasa. Tulipiga mchana uwanjani. Nilipofika kwenye kiitikio, vijana wakamtoa bibi mmoja aliyekuwa anauza karanga nje ya uzio, wakampandisha jukwaani na ungo wake wa karanga. Nilidhani wanamchezesha. Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti, mjomba, nikamsogezea, nikamwimbia, "Leo unamtaka nani?" Uwanja mzima ukaitikia. Yeye akawa ananiangalia mimi tu, anasema kitu, na ngoma ilikuwa inapiga sikumsikia. Walipomshusha walimshusha kwa nguvu. Tukaingia kwenye gari. Sijui aliishia wapi. Sikuuliza.

Nilipokuandikia "tuyaache" nilikuwa nimeshakaa wiki nzima naona mdomo wake ukisema.

Yule wa studio amekataa, kwa hiyo nimerekodi kwa mshikaji mwingine, gitaa moja na ngoma ya debe. Ni sauti yangu, maneno ya Bibi Rhoda, na mwisho nimeongeza yangu. Upande wa kwanza ni wimbo ule ule, nimeuacha ili watu wasikatae kanda. Upande wa pili ni jibu. Imekuja na Leonidas, dereva wa basi anayelala Sumbawanga, atakupa mkononi.

Kweli mjomba, wewe ndiye mkali. Lakini si hilo ninaloandikia. Mwambie asitoke nje peke yake.

Adriano


Pito
27 Aprili 2003

Mpwa wangu Adriano,

Pokea salamu zangu, za Hellena, za mama yako, na leo za mtu mwingine utakayemjua mbele. Mahindi yanakauka vizuri. Leonidas alifika na kanda, nikamkumbatia mpaka abiria wake wakadhani nimepata mkwe.

Lambalamba alikuja juzi. Nilitegemea jitu, kumbe ni kijana wa makamo, suruali ya mtumba imenyooshwa pasi, kibuyu kimefungwa shanga. Mpole. Anaongea chini chini mpaka watu wainame kumsikia. Hilo ndilo lilinitisha, maana mimi najua kazi ya mdomo, na mtu anayewafanya watu wainame ananishinda. Ua wa Kristiana ulijaa. Stanley na redio yake begani. Wengine walikuja na fimbo, na hakuna aliyekuwa na ng'ombe wa kuchunga.

Nilimwambia Rhoda abaki ndani. Akaniambia, "Msiba wa Evaristi nilibaki ndani." Akavaa viatu. Akachukua na ungo! Nikamwambia, mama, ungo uache. Akasema, "Wataniona bila ungo waseme nimeuficha." Basi tukatoka, mimi na rungu, yeye na ungo, Hellena nyuma na rozari. Watu walipotuona wakaachia njia, na ile njia haikuwa ya heshima. Ilijifunga nyuma yetu.

Stanley akabonyeza. "Bibi Rhoda, washa ungo." Lambalamba akaanza kutikisa kibuyu kwa mdundo wa wimbo wako, Adriano. Wimbo wako! Nikaona kwamba nikinyamaza sasa nimekwisha kazi duniani. Nikapaza sauti, "Stanley! Mtu mwenye redio kubwa hivyo anasikiliza kanda ya upande mmoja? Mpwa wangu ametoa mpya, Dar yote wanayo, wewe bado uko Novemba!" Nilidanganya kuhusu Dar, utanisamehe. Kijana hakutaka kuonekana mshamba. Akaitoa ya kwake, nikatia yako, upande wa pili. Kanda ikagonga redio mara mbili kabla ya kuingia.

Gitaa likalia. Kwanza watu hawakuelewa. Ilipofika "nikakugeuza nitafute nyama, nikakuta mwili mzima ni mdomo", Alfonsi akageuka kuniangalia, mabega yakaanza kumtikisika. Mtu aliyepoteza maksai! Halafu ikaja ile ya kwako:

Leo namtaka nani?
Namtaka Adriano.
Kala nyama ya msiba,
kakimbia na mikono michafu.
Rudi mwanangu unawe,
majivu yanakungoja.

Kristiana akasema, "Huyu si mtoto wa Bertilla wa Msanzi?" Mama yako alikuwa pale ukutani, akajibu, "Ndiye. Na ni kweli hakunawa." Wachache wakacheka. Wengi hawakucheka, bado walikuwa wameshika fimbo zao.

Hapo ndipo Rhoda aliponiachia mkono. Akaenda mpaka mlangoni kwa Kristiana, akalala chali chini, mavumbini, kama wanavyolala watani kuzuia jeneza. Mwili ule mzee. Akapaza sauti kwa marehemu, "Evaristi mvivu wewe! Umeona maharage yanataka palizi ukapanda mbinguni! Umemwachia mwanamke mimba na jembe, huna haya! Shuka upalilie!"

Mpwa wangu, nimesimama mbele ya bunduki za mpakani. Hazikunitisha hivi. Neno lile kutoka kwa mwingine ni utani, na kutoka kwake lingeweza kuwa ndilo walilokuwa wanalisubiri. Lambalamba aliacha kutikisa. Kila mtu alimtazama Kristiana, maana ni yeye tu mwenye haki ya kusema lile neno ni nini. Alikuwa amemshika mtoto. Akampa Hellena. Akaingia jikoni. Nikashika rungu, sijui la kumpiga nani. Nikamsikia akikwangua mekoni.

Akatoka na majivu viganjani, akayamwaga yote kichwani kwa Rhoda. Akasema, na sauti yake imepasuka, "Na wewe mtani gani unakuja chakula kimekwisha! Umechelewa, bibi. Nilikungoja siku ile." Halafu akakaa pale pale chini na majivu yake, wakalia wote wawili, na kulia kwenyewe kulikuwa na kicheko ndani yake, na wanawake wengine wakakaa pembeni yao.

Watu waliondoka mmoja mmoja, fimbo wamezigeuza kuwa mikongojo. Stanley aliniuliza kama naweza kumwachia kanda. Nimemwachia.

Lakini nisikuongopee, mambo hayajaisha yote. Lambalamba hakucheka. Alifunga kibuyu chake taratibu, akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba atapita tena mvua zikianza. Na kuna watu walimsindikiza. Nitaendelea kulala pale kibarazani. Hellena anasema atahamishia na yeye godoro, maana amechoka kulala na bati mpya.

Huyo mtu mwingine anayekusalimu ni Rhoda. Majivu ya siku ile aliyafagia yaliyobaki, akayatia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunika. Nilimuuliza ya nini. Akasema, "Ya mtoto wa Bertilla." Kopo liko juu ya kabati, kila nikiingia naliona.

Mjomba wako,
Ignasi


Dar es Salaam
11 Mei 2003

Mjomba, shikamoo. Mpe na Bibi Rhoda shikamoo yangu.

Nimeacha ziara iliyobaki. Nitapitia kwanza ule mji, nimtafute yule mama wa karanga, nimsikilize alichokuwa anasema. Sijui kama nitampata, na naogopa nikimpata kama ninavyoogopa nisipompata. Kutoka pale nakuja Pito. Mvua zikianza nataka zinikute hapo. Kibaraza cha Bibi Rhoda ni kirefu, mimi nitalala upande wa zizi.

Mwambie kopo asilimwage.

Adriano